Simu Iliyomjulia Mama Hali

Wakati wa korona, zahanati nilikokuwa muuguzi, nyuma ya maduka ya vitenge Kariakoo, ililetewa akili mnemba. Kila asubuhi mashine iliwapigia wagonjwa waliojitenga nyumbani, ikawajulia hali kwa Kiswahili, kisha ikatupangia majina: kijani asubiri, njano apigiwe na muuguzi, nyekundu afuatwe haraka. Niliipenda. Ilinipunguzia kazi, na haikuwa na kiburi cha daktari wetu.

Mama yangu alikuwemo kwenye orodha, peke yake Magomeni. Siku tatu mfululizo, kijani. Siku ya nne jirani yake akanipigia.

"Dada, mama yako anahema vibaya. Njoo."

Kabla sijatoka nilifungua rekodi ya asubuhi ile.

"Shikamoo mama. Hali yako?" mashine iliuliza.

"Marahaba... mwanangu. Nzuri... tunamshukuru Mungu."

"Unapata shida ya kupumua?"

"Kidogo tu... kawaida. Nyie hamjambo?"

Niliifunga rekodi kwa hasira. Nani aamkiwe shikamoo halafu aanze kusema anakufa? Kwetu hata aliyelazwa hujibu nzuri kwanza. Ugonjwa hutajwa baadaye, ukikaa kitako ukamsubiri. Mashine haikusubiri. Ilisikia nzuri, ikampa kijani.

Mvua ilikuwa imenyesha na Jangwani pamefungwa kwa mafuriko. Bajaji ikazungukia Kigogo, foleni haisogei, nami nimekumbatia mtungi mdogo wa oksijeni, namfokea dereva asiye na kosa lolote. Niliogopa mno. Nilikuwa naona kabisa nikifika na kukuta kanga zimetandikwa uani, wanawake wamekaa.

Nilimkuta mama ameketi kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Nilimbana kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, kikaonyesha asilimia sabini na nane, chini mno.

"Umekuja," alisema. "Umekula?"

Alilazwa wiki mbili, akapona. Wiki hizo zote niliitukana mashine mbele ya kila mtu, na wenzangu wakaniunga mkono. Hata daktari aliniomba radhi kwa kuileta.

Sikumwambia yeyote kwamba jioni ya siku ya tatu nilimpigia mama mimi mwenyewe. "Umeshindaje, mama?" Akajibu, "Salama... mwanangu." Nilimsikia akivuta pumzi katikati ya maneno mawili. Nikasema haya mama, usiku mwema, nikakata simu.