Mashine ya Watu Wawili, Fundi Mmoja

Saa tatu asubuhi mtaani Bondeni, Nakuru. Wycliffe Makokha anagonga ukuta kwa ngumi, mara mbili, kisha anangoja.

"Subiri, mzee, kuna kichwa cha mtu kwa draya," sauti inajibu kutoka upande ule mwingine. Ni Immaculate, jirani yake mwenye saluni. Baada ya muda anaita tena: "Haya, rusha hiyo ndege yako."

Makokha anawasha mashine ya kuranda mbao. Taa inafifia, inarudi. Anaingiza ubao wa saiprasi kwenye mdomo wa mashine, kisha anazunguka mbio kwenda kuupokea unakotokea.

Leo amechelewa hatua moja. Kichwa cha ubao kinainama, mkia unainuka, visu vinauuma. Anazima mashine, anapitisha kidole kwenye shimo lililochimbwa, kisha anachukua msumeno na kukata kipande hicho. Ubao uliokuwa wa kitanda sasa ni wa stuli.

"Hii ni mashine ya watu wawili," anasema. "Mmoja anasukuma, mmoja anapokea. Mimi niko mmoja."

Makokha ana miaka hamsini na sita. Aliacha shule darasa la saba, akaranda mbao kwa mkono hadi mabega yakakataa. Ndipo akanunua mashine hii kuukuu kutoka karakana iliyokuwa inafungwa. Haikuja na maelezo yoyote, na aliyemuuzia hakujua lolote ila bei.

Ilikuwa imezoea umeme wa viwandani. Nyumbani kwake kuna stima ya kawaida, ya taa na redio. Fundi wa stima akaifungia mota nyingine, na siku ya kwanza ikazunguka kinyume. Ubao ukarudi ulikotoka na kumpiga Makokha tumboni.

"Nililala hapo chini nikitazama mabati," anasema. "Milcah akaja, akaniangalia, akasema, 'Sasa mmejuana.'"

Milcah ni mkewe. Ndiye aliyekuwa akipokea mbao. Waliisoma mashine hiyo pamoja, yeye Makokha kwa mikono, Milcah kwa masikio. Visu vikianza kuwa butu, Milcah alijua kwanza. Alikuwa akisema tu, "Inalia," na kweli wakivitoa wanakuta vimeisha makali.

Miaka miwili iliyopita mama yake Milcah, anayeishi Subukia, alipatwa na kiharusi. Milcah alienda kumuuguza kwa wiki moja. Hajarudi, isipokuwa kuja kuchukua nguo.

"Subukia si mbali," anasema Makokha. "Ndiyo maana inauma."

Kwa nini asimfuate? Anajibu bila kuzunguka. Kwa watu wao, Waluhya, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, na nyumba ya mama huyo ina vyumba viwili tu.

"Yule mama hajawahi kula mbele yangu, miaka ishirini na tisa. Leo anaoshwa kitandani, halafu mimi nipite hapo mlangoni na kikombe cha chai? Angeona aibu, na hata kusema hawezi."

Alijaribu kuajiri mtu wa kupokea, kijana aitwaye Kipchirchir. "Anavuta," analalamika. "Mashine haitaki kuvutwa. Unapokea tu, kama unapokea mtoto." Kipchirchir alikaa wiki moja, akarudi kwenye bodaboda yake. Stendi ya kushikilia ubao nayo haina pa kusimama. Chumba ni kifupi, na ubao wa kitanda hutokea mlangoni, kwenye njia ya watu wanaobeba maji.

Basi hutengeneza stuli na rafu. Mwezi mzuri unamletea shilingi elfu kumi na tano, nusu ya alichopata enzi za vitanda.

Jioni hula ugali humo humo kwenye sufuria. Kuna siku huwasha mashine bila ubao wowote.

"Huwa najua anaporanda na anaposikiliza tu," anasema Immaculate. "Akisikiliza, simgombezi, hata draya yangu ikizimika."

Sasa kuna chumba kirefu cha kukodi huko Subukia, kando ya kinu cha kusaga mahindi cha mzee Kimeli. Stima yake ina nguvu. Kutoka hapo hadi kwa mama mkwe ni mwendo wa miguu, lakini si ndani ya boma lake. Makokha anaweza kulala huko bila kumvunjia mtu heshima. Dada yake Milcah akishika zamu ya mgonjwa alasiri, Milcah ataweza kuja.

Akihama, atawapoteza wateja wote wa Bondeni. Kimeli alitaka jibu kufikia Jumapili, maana kuna mwingine anayekitaka chumba.

Juzi Makokha alimpigia mkewe simu. Akaeleza urefu wa chumba, stima, na jinsi mbao ndefu zitakavyopita bila kugusa ukuta. Alieleza sana.

"Akaniacha nimalize," anasema. "Kisha akaniambia, 'Baba Natasha, kwani ni mashine inayohamia huku? Anza kuja wewe.'"

Amekwisha kumwambia Kimeli ndiyo. Jumamosi atapanda gari kwenda Subukia na godoro na ufagio. Mashine itabaki hapa Bondeni, mlango umefungwa, mpaka apate lori.