Wa Kumi Kabla ya Wa Pili

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mchapaji wa kompyuta mjini Jinja, nikikaa Mafubira, na nilikuwa na shida moja tu duniani: nilitaka kumwoa mwalimu mmoja wa Mbale, na baba yake hakunitaka. Mimi Mkenya, mtoto wa dereva wa lori, hata salamu za Kimasaba zilinishinda. Mzee, askari jela mstaafu, akanipa mtihani. Yeye na wenzake kumi na mmoja walitahiriwa asubuhi moja. Nichape kumbukumbu zao, kisha nizisome mbele ya ukoo nyumbani kwake Nabuyonga. Nikifaulu, tutazungumza.

Kwao aliyetangulia kwenye kisu hutangulia kusema, maisha yote. Mzee alikuwa wa pili. Wa kumi alikuwa fundi baiskeli mpole wa Namatala, ambaye katika kila kikao zamu yake ilifika watu wameshaanza kula.

Nilimchapia kila mtu faili lake, 1 hadi 12. Kisha nikaandika skripti, amri chache tu za kuiambia kompyuta isome mafaili yote kwa mpangilio na kuyatoa kwenye karatasi mfululizo. Nilijiona fundi kweli kweli. Sikukagua chochote. Mchapaji hodari hasomi anachochapa, anaviachia vidole.

Siku ya kikao nikamsoma wa kwanza. Nikafunua ukurasa, nikaendelea kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Mimi nilikuwa nasimama nyuma. Kisu ilipofika kwa wa pili, miguu yake ikatetemeka. Nikasema, kumbe hata mkubwa anaogopa. Nikapata nguvu."

Kumbe kompyuta ile haikuhesabu kama watu. Ilitazama tarakimu ya mwanzo tu: 10, 11 na 12 zinaanza na 1, basi zote zikatangulia 2. Na kwa Wamasaba, kutetemeka mbele ya kisu ni aibu isiyozeeka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi baiskeli hakucheka. Alikuwa ameinua uso, akisikiliza maneno yake yakisomwa kwa watu ambao bado hawajaletewa chakula.

Mzee akaniita nyuma ya nyumba.

"Bwana, hii mashine yako alisoma hesabu wapi? Moja, halafu kumi?"

"Nitarekebisha, afande."

"Na huyo wa kumi, toa kabisa. Wewe nataka mtoto yangu ama hapana?"

Niliporudi Jinja nikatia sifuri mbele ya nambari ndogo, 01, 02, 03, na heshima ikarudi mahali pake. Kisha nikalifuta la kumi. Nilijiambia ni faili tu. Nilikuwa mwoga, basi.

Mzee akakubali. Siku ya kunitambulisha rasmi kwa ukoo, fundi alinijia na kijitabu cha kumbukumbu nilichowachapia mkononi, kidole chake kikiwa kati ya wa tisa na wa kumi na moja.

"Bwana, yangu iko wapi? Nilitaka kusomea wajukuu."

"Mashine imeimeza, mzee."

"Si neno. Mashine ni mashine," akasema, akarudi kukaa karibu na mlango.

Aliniamini kabisa. Mchumba wangu, aliyekuwa ubavuni mwangu, alinitazama kwa muda mrefu. Tumeishi pamoja miaka mingi sasa, na mpaka leo nikimwambia kitu kimepotea, haniamini.