Suruali ya Mongia

Mimi ndiye niliyemharibu wifi yangu. Nasema mwenyewe kabla majirani hawajanisemea, maana hapa Sfax midomo haina breki. Mongia, mjane wa kaka yangu, ana miaka sabini na sita, na mwezi wa kwanza aliteleza uani penye maji ya kufulia akavunjika nyonga. Hospitali wakamtia chuma. Aliporudi tulimpokea kama tunavyowapokea wagonjwa wote: kitandani, mto mgongoni, bakuli la bsisa mkononi, ule unga wa shayiri uliokorogwa kwa mafuta ya zeituni na asali. Kila mgeni alileta lake. Akijaribu kuinuka, nyumba nzima tunamkemea: "Keti! Unataka watu waseme hatujui kutunza wakubwa?"

Mwezi wa tatu mwanawe, Lotfi, alikuja kutoka Tunis na mizani. Akampandisha, akasoma. "Kilo sitini na nane, kama kabla hujaanguka! Mama, umepona!" Nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

"Kama nimepona, mbona chooni siendi peke yangu?" Mongia akauliza.

Lotfi akaiweka mizani pembeni. Baadaye akasema nami uani. "Shangazi, ngazi ya kwenda paani ina vidato kumi na viwili. Nitarudi siku ya kutengeneza na kuanika kuskusi ya mwaka huko juu. Asipoipanda mwenyewe, nafunga nyumba, namchukua Tunis." Akautoa ufunguo mkubwa wa nyumba kwenye msumari wake ukutani, akautia mfukoni, akatuachia ule wa akiba. Dirisha lilikuwa wazi. Mongia alisikia kila neno, na nyumba hii ameolewa ndani yake.

Sasa, Mongia ameshona suruali za wanawake miaka hamsini. Kesho yake akaniambia nimvalishe yake ya zamani, aliyoikata mwenyewe. Kiunoni haikufunga, tumbo limeumuka. Mapajani ikapwaya hadi mkono wangu mzima ukaingia. Akachukua utepe wake wa kupimia, akajipima paja la mguu uliovunjika.

"Sentimita sita zimekwenda, Saloua. Mizani ya Lotfi inapima gunia, haijui ndani mna nini." Mimi nililia wazi.

Sonda, binti wa hospitali aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo, aliigeuzageuza ile suruali akakunja uso. "Mama Saloua, kilo zimerudi, lakini ni mafuta. Nyama ya mguu imeisha kwa kulala. Mpeni mayai, samaki, dengu. Na mwacheni ahangaike!"

Mwacheni ahangaike! Kwetu hayo ni matusi. Nikawa nakaa pembeni namtazama mzee wa watu akijiinua kitini mara kumi asubuhi, mara kumi alasiri, jasho linamtiririka. Jirani mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Saloua analipiza kisasi kwa wifi yake."

"Kisasi cha nini, mbea wewe? Chukua bakuli lako uende!"

Kila Ijumaa utepe. Nusu sentimita imerudi. Nusu nyingine. Kisha wiki mbili hakuna kitu.

Siku ya kuskusi ikafika, mwezi wa nane, jua kali. Wanawake wako paani na nyungo zao, wanaviringisha chembe za unga wa ngano na kuzianika. Lotfi kasimama chini ya ngazi, mikono kaikunja kifuani. Mongia akaiegemeza fimbo yake ya kutembelea ukutani, akaanza. Mimi nyuma yake. Kidato cha tano, cha sita. Cha tisa mguu ukagoma, ukatetemeka, mwili ukayumba. Mikono yangu ikaenda yenyewe.

"Mikono yako, Saloua!" akafoka bila kugeuka.

Nikairudisha nyuma, nikauma kitambaa changu cha kichwa. Ee Mungu, akianguka mimi ndiye niliyemuua. Akashusha pumzi, akakikanyaga cha kumi. Cha kumi na moja alikipanda huku akilaani. Cha mwisho sikukiona, nilikuwa nimefumba macho.

"Nani kachukua ungo wangu?" nikamsikia.

Lotfi alipanda mbio, machozi tele. "Mama, kushuka nitakubeba."

"Niguse uone! Mikono mfukoni!"

Akaitia mikono mfukoni. Humo akaukuta ufunguo. Akateremka, na kutoka paani nikasikia chuma kikigonga msumari.