Pedali ya Pili

Saa moja asubuhi, Fundi yuko chini ya gari dogo jeupe nyuma ya nyumba yake, na kinachoonekana ni miguu tu. Boliti inayoshika breki ya gurudumu la mbele imegoma kulegea. Anaimiminia mafuta, anasubiri, anaigonga kwa nyundo, kisha anaitukana kidogo, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

"Nimesikia," anasema mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu kutoka hapo. "Yaliyozimika ni macho, Baba Watoto. Masikio bado yako kazini."

Gari hilo ni la mkewe. Kwa miaka kumi na saba alifundishia udereva humo, na mtaani mpaka leo anaitwa Mwalimu. Amefundisha watu zaidi ya mia tisa, akiwemo bwana mmoja mwenye duka la dawa aliyeingia na gari kwenye ua wa shule, akashuka kuwasalimia watoto kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda.

Miaka mitatu iliyopita macho yake yaliingia ukungu. Mwaka jana likawa giza tupu, na madaktari wakasema hakuna tena cha kufanya. Gari likafunikwa turubai.

Leo turubai limeondolewa kwa sababu ya gari jingine. Kwa miaka tisa sasa Fundi, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anaunda gari la wazi la viti viwili. Fremu ameichomelea mwenyewe, bodi ameikunja kwa mkono, na injini ilitoka kwenye gari lililopinduka. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja watatoka wawili tu, bila paa.

"Lakini mganga hajigangi," anasema. "Kwa siku natengeneza magari matatu ya watu. La kwangu nililiachia Jumapili. Nilidhani muda upo."

Anasema hivyo akiifuta spana ambayo tayari ni safi.

Kosa lake lilikuwa tamaa. Kwenye uwanja wa vyuma chakavu aliona breki za gari kubwa lililopata ajali, diski pana kama sinia, akazibeba akichekelea. Fundi wa breki mwenye uzoefu wa miaka thelathini alisahau somo la kwanza: breki za gari la kilo elfu moja na mia nne si za gari la kilo mia sita. Siku ya majaribio aligusa tu pedali. Magurudumu yakaganda palepale, gari likateleza mpaka kwenye rundo la matairi, naye akapiga paji la uso kwenye usukani.

Breki zinazofaa zilikuwa hapa nyumbani, chini ya turubai. Uzito wa magari mawili unakaribiana. Alipoziomba, Mwalimu alikataa kwa miezi minne.

"Likiwa zima, na mimi nilijiona mzima," anaeleza. "Ukitoa breki, umeshasema sitaliendesha tena. Na ninatamani kuliendesha. Kila asubuhi mguu wangu wa kushoto unaamka ukitafuta klachi."

Kilichomlainisha ni lile paji la uso. "Nilipapasa nundu, nikasema huyu ataniacha mjane kwa ajili ya chuma chakavu."

Boliti inalegea. Fundi anatoka na breki mkononi, anaiweka kwenye mapaja ya mkewe juu ya gazeti kuukuu. Mwalimu anaipitishia vidole taratibu, kona zote. Machozi yakimtoka, anayaacha.

"Na pedali yangu?" anauliza.

Gari la kufundishia lina pedali mbili za breki: ya dereva, na ya mwalimu upande wa abiria, zimeunganishwa kwa fimbo ya chuma. Fundi alipanga kuchukua ya dereva tu.

"Ile haina kazi kule, Mama. Gari halitakuwa na mwanafunzi."

"Kwani wewe nani alikufundisha?"

Fundi anacheka, kisha kicheko kinamwishia. Anachukua futi kamba, anaingia kwenye lile gari la wazi lililo upande wa pili wa ua, anapima nafasi ya miguu ya abiria. Anapima tena. Fimbo itabidi ikatwe sentimita nne.

Anatarajia kumaliza baada ya miezi miwili. Safari ya kwanza itakuwa asubuhi, kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, ileile ambayo Mwalimu alizoea kuwapeleka wanafunzi siku yao ya kwanza.

"Mwendo nitaujua kwa upepo usoni," anasema Mwalimu. Mguu wake wa kulia umeshavua kandambili, unakanyaga vumbi polepole. "Akizidisha, nasimamisha mimi."