Wimbo Niliotaka Kuzima Leo Ruring'u

Leo karibu nifukuzwe hotelini juu ya wimbo mmoja.

Kundi letu la wapenzi wa muziki lilikuwa kwenye hoteli moja mtaani Ruring'u, tukichagua wimbo bora wa mwaka. Sheria yetu: wengi wakiinua mkono, wimbo unazimwa katikati.

Wimbo huu, wa mwimbaji tusiyemjua, ulikataliwa mapema. Mimi ndiye nilicheka zaidi. Ati anaimba kama mbuzi!

Nikanyoosha mkono kwenye simu niuzime.

"Usiguse hiyo simu."

Alikuwa Mama Ciku, mwenye hoteli, birika la chai mkononi.

"Huyo anayeimba ni msichana wangu."

Hapa kila mtu anajua Mama Ciku alimfukuza binti yake nyumbani juu ya kuimba nyimbo za dunia, si za kanisa.

Nikaanza kuomba msamaha. Hata hakunisikiza.

"Rudisha mwanzo. Na uongeze sauti."

Haya niambieni, nani hapo angeinua mkono tena?