Muuza Mabomba ya Moshi

Muuza mabomba ya moshi sokoni kwetu Kamina humwita kila mtu sitwayeni, yaani raia, kama mtangazaji wa redio ya serikali. Hagusi bomba mpaka mteja atoe kamba aliyopimia tundu la bati la paa lake, naye huipima tena kwa vidole vyake vyenye masizi. Jana nilimwendea na kamba yangu, kwa kuwa bomba la jiko langu la kuni liliibwa nilipokuwa msibani Bukama. Kabla sijasema neno, alivuta bomba moja kutoka chini ya magunia.

“Hii itaingia muzuri, sitwayeni.”

“Weye hauyapima bado.”

“Minyi najua kazi yangu,” alisema, macho chini.

Nililipa, na nyumbani liliingia tunduni bila nyundo, kama lile lililoibwa. Kamba yangu ilikuwa bado imefungwa kwenye ncha ya kitenge.