Panga Lenye Upako

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, hakuwa na habari na Mungu mpaka migomba yake ilipoanza kunyauka. Jumapili zake zilikuwa za rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mchungaji akipita kuelekea kanisani yeye alimpungia mkono kama anayempungia mtu wa mnadani. Majani yalipogeuka njano na ndizi zikaanza kuiva zingali changa, nyeusi ndani, ghafla akawa mtu wa maombi. Alisali mpaka sauti ikamkauka. Kijiji kizima cha Kanoni kikajua kwamba ana Mungu.

Ugonjwa wenyewe hakuna asiyeujua huku kwetu. Bwana shamba alishatufundisha sote, na baba mkubwa alikaa mstari wa mbele siku hiyo kwa sababu palikuwa na soda. Shina linaloumwa ling'oe, lifukie, na panga likishagusa mgomba mgonjwa lipite motoni kabla halijagusa mwingine, maana ugonjwa husafiri na utomvu. Lakini kung'oa migomba kunavunja mgongo, na kuomba unaweza kuomba umekaa.

Akamwita mtumishi mmoja wa Mungu aliyekuwa akizunguka vijijini na panga lililopakwa mafuta. Anaingia kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, anakata mgomba unaoumwa, hapo laana imekatwa. Kisha kwa panga lilelile anakata mkungu kwenye mgomba mzima, hiyo ni shukrani. Mikungu ya shukrani ilipakiwa kwenye pikipiki zilizomfuata nyuma, na zilijua kazi yake kuliko waumini. Watu wazima, wenye watoto sekondari, waligombania awaanzie wao. Niliona haya kwa niaba yao, kwa kuwa wenyewe hawakuwa na mpango huo.

Aliyenitia hofu ni mama. Kibanja chake kinapakana na cha baba mkubwa, na tangu baba afariki hicho ndicho chakula chake. Kahawa iliyo katikati ya migomba ndiyo sabuni na dawa. Kikifa, hana kingine. Isitoshe ni ardhi ya ukoo, na baba mkubwa akisema neno, mjane hutarajiwa kuitikia. Tena mama ni Mlutheri anayesali kila asubuhi kabla hajawasha moto. Nilidhani mtu kama huyo hawezi kumzuia mgeni anayekuja na jina la Yesu mdomoni.

Mtumishi na watu wake walikuja wakitokea kwa baba mkubwa, mwenyewe akiwatangulia, panga likiwa bado linachuruzika. Mama aliwaamkia kwa adabu zote, akaingia jikoni, akatoka na kijinga cha moto na kusimama mpakani. Akasema maombi anayapokea kwa mikono miwili, ila panga lipite motoni kwanza. Mtumishi akacheka, akamweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba panga lake lina moto wa Roho.

"Huo ni wa Roho," mama akasema. "Mimi naomba wa kuni."

Baba mkubwa alivimba. Alisema mama amemtukana Mungu mbele ya mgeni na kwamba ukoo utasikia. Mama hakusogea. Mwishowe mtumishi akatamka kwamba pasipo na imani hawezi kufanya kazi, akaenda kwa jirani wa pili, ambako mikungu ilikuwa mikubwa zaidi.

Kabla mvua hazijakatika, vibanja vyote alivyovibariki viligeuka njano, hata pale ambapo ugonjwa ulikuwa kwenye shina moja tu. Na unadhani walisema nini? Walisema imani ya mjane fulani ndiyo iliyopungua. Mtumishi hakuonekana tena. Kwetu ugonjwa uliingia pia, kwenye mashina machache upande wa mpakani, na mama aliyang'oa akiomba kwa sauti huku jembe likishuka, jasho likimtiririka, bila kungoja jibu.

Baba mkubwa aling'oa migomba yake yote, safari hii kwa jembe, akapanda maharage ardhi ipumzike. Alipoyavuna alikuja kwetu, kofia mkononi, kuomba machipukizi. Nilitaka afukuzwe, nasema kweli, nilitaka aende akaombe kwa wenye pikipiki. Mama akamwonyesha mashina yenye afya, akamwambia achimbe kadiri ya haja yake. Yule mzee akasimama tu, panga limening'inia mkononi, akiyatazama.

"Shemeji," akasema, "yaombee kwanza."

Mama alikuwa ameshapuliza moto ukawaka.

"Niliyaombea yakiwa bado ardhini," akamjibu. "Wewe lete panga."